Kwa Nini Joash Anamkimbia Mama?

"Joash! Kuja uonje chumvi!"

Mama Waceke alisimama katikati ya jiko la wenyewe kule Spring Valley, sambusa ya moto mkononi, mkono umenyooshwa kama wa askari wa trafiki. Joash aliinua uso kutoka kwenye karai la mafuta. Akauona mkono. Akaangusha mwiko, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sikiza vizuri: si kutembea. Mbuzi akiona kisu siku ya sherehe ndivyo anavyotoka.

Nyawira, binti ya Waceke, alibaki na donge la unga mkononi.

"Umeona?" Waceke akauliza.

"Nimeona, Mum."

"Nimemfanyia nini huyu mtoto wa watu? Nusa mkono yangu. Inanuka?"

Nyawira akanusa. "Inanuka ndimu."

"Si ndio! Tangu Jumatatu naosha na ndimu, nikidhani ni vitunguu. Nimemaliza ndimu za Kangemi nzima na bado ananitoroka!"

Hawa wawili, mama na binti, kazi yao ni kupikia watu bitings za sherehe. Wewe unaleta wageni, wao wanaleta vile vitu vya kutupa mdomoni huku umeshika glasi. Joash ndiye mkaangaji wao. Siku hiyo walikuwa kwa Bi Anita, aliyealika watu kwenye bustani yake kabla kila mtu hajaenda kwao kula Krismasi. Upande wa chumvi kulikuwa na sambusa za nyama, kebabu ndogo na viazi karai. Upande wa sukari kulikuwa na sambusa za nazi, zinazonyunyiziwa sukari ya unga juu, na mandazi madogo kama vifungo vya koti la askofu.

Na usidhani Joash na Mama Waceke walikuwa maadui. Wapi! Walikuwa wakila sahani moja. Mama akisema neno la kuchekesha, Joash anampigia kiganja, pah! Lakini wiki hiyo kijana aligeuka. Sokoni Kangemi alimwona mama anakuja, akajitupa nyuma ya magunia ya kabeji mpaka muuza kabeji akamuuliza kama anataka kupimwa pamoja nazo.

Nyawira alijua kitu kimoja ambacho mama hakujua. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Joash alimwambia anataka kumwoa. Naye akakubali kabla sentensi haijafika mwisho.

"Mwambie mama yako kwanza," Joash akasema. "Asisikie kwa watu."

Jioni ile simu ikalia kwa ujumbe:

*Umemwambia mama?*

Nyawira alimtazama mama yake, aliyekuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto akiwatukana waliopandisha bei ya mafuta. Ujasiri ukamwishia. Akaandika:

*Eeh nimemwambia* ❤️

Uongo mdogo, mtamu, umenyunyiziwa sukari. Alipanga kusema ukweli wakimaliza hii kazi, kabla mama hajapanda gari la Nyeri. Kule ndiko wajomba hukutana Krismasi. Mama akienda bila hiyo habari, basi habari imelala mwaka mwingine.

Lakini utampeleka vipi kwa wajomba mwanaume anayemwona mama yako akaruka kama amemwagiwa maji?

Nyawira alimfuata nje. Alimkuta Joash kando ya tangi la maji, anajipepea kwa aproni.

"Joash, unamkimbia mum kwa nini?"

Joash akamshangaa. "Sasa ulitaka nifanye nini?"

"Usimame! Uonje chumvi!"

"Kwa mkono wake?"

"Kwani ulitaka mkono wa nani? Wa gavana?"

Joash akashusha sauti. "Nyawira. Ni kweli ulimwambia mambo yetu?"

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini ulimi ukachagua njia ya mkato.

"Si nilikuandikia? Nilimwambia."

"Na akasema?"

"Akasema... ataona."

Joash akatikisa kichwa polepole. "Basi ameshaona. Hata mimi nimeona."

"Umeona nini?"

"Vile ananifuata na huo mkono. Sokoni, mkono. Kwa mlango, mkono. Leo tena na sambusa ndani. Nyawira, mimi si mtoto. Najua maana yake."

"Maana yake ni uonje chumvi!"

"Sawa," akasema Joash kwa huzuni. "Kama ndivyo mnavyoiita huku."

Nyawira alirudi ndani akiwa hajui kama amejibiwa au ameulizwa. Mama ananyoosha mkono kwa wema, kijana anauogopa kama nyoka. Labda amepata mwingine huko kwao? Labda anajuta? Na kama anajuta, mbona macho yake yanamwangalia vilevile kama Jumapili?

Kazi ikaendelea kwa taabu. Joash aliomba jiko la gesi lihamishiwe nje, chini ya dirisha. Akawa anakaanga kule, Nyawira anapokea trei dirishani, Waceke anapanga ndani. Waceke akisogea dirishani, Joash anachuchumaa, na ndani kinaonekana kijiko peke yake kikielea hewani.

"Mwambie sambusa za nazi ziletwe!" Waceke akafoka.

"Joash, mum anasema ulete za nazi."

"Mwambie mama zinakuja."

"Mum, anasema zinakuja."

"Nimesikia! Yuko hapo chini tu, namsikia anapumua!"

Alipoona kichwa cha mama kinatokeza dirishani, Joash akachuchumaa tena, na kwa haraka akanyunyiza sukari ya unga kwenye trei iliyokuwa karibu. Trei ya nyama. Ikapita mikononi mwa Nyawira, ambaye mawazo yake yalikuwa mbali, ikaenda moja kwa moja bustanini.

Haikupita muda, Bi Anita akaingia jikoni ameshika sambusa iliyoumwa, uso umekunjamana.

"Mama Nyawira, hii ni nini? Juu sukari, ndani nyama na pilipili?"

Waceke akaangalia sambusa, akaangalia dirisha, akatabasamu kwa meno yote.

"Hiyo ni ya Krismasi, madam. Chumvi na tamu zimeoana. Hujaionja kwingine."

"Hapana, sijaionja." Bi Anita akauma tena. Akatafuna. "Wageni wanauliza kama ziko zingine."

Alipotoka, tabasamu la Waceke lilizimika kama stima ya mtaani kwao. Akajipangusa unga, akazunguka kwa mlango wa mbele ili Joash asimsikie, akamtokea kwa nyuma. Kugeuka, huku ukuta, huku karai la mafuta, mbele mama. Kijana hakuwa na pa kupita.

"Leo ni leo," Waceke akasema. "Nilikulisha. Nilikufundisha kukunja sambusa. Umeanza kunidharau. Kwetu mtu akikataa mkono wa mama, amemtukana. Utanishika mkono hapa hapa, ama utavua hiyo aproni yangu."

Nyawira alikuwa dirishani, roho mkononi. "Joash, tafadhali. Mshike tu!"

Joash akamgeukia kama aliyepigwa kofi. "Hata wewe, Nyawira? Hata wewe unataka nimshike?"

"Ndio nataka! Yaishe!"

"Yaishe?"

"Yaishe!"

Kijana akafuta kiganja kwenye suruali, mbele na nyuma. Macho yalikuwa yamejaa maji.

"Mama, huo ndio uamuzi wako?"

"Ndio huo. Na siurudii."

Akamshika mkono. Akautikisa mara moja, kama watu wanaouziana ng'ombe mgonjwa.

"Nimesikia, Mama. Asante kwa yote."

"Si umeona?" Waceke akamwambia bintiye aliporudi ndani, amevimba kama andazi kwenye mafuta. "Wanaume ni wa kusukumwa kidogo."

Joash alikaanga zilizobaki, akazichuja mafuta, akafunga gesi. Akatundika aproni kwenye msumari. Walipotoka kuchukua trei ya mwisho, hapakuwa na mtu. Simu ya Nyawira ikalia.

*Nimepata jibu kwa mkono wa mama yako. Sikulaumu, mzazi ni mzazi. Lakini wewe pia uliniambia yaishe. Naenda River Road nitafute basi la nyumbani. Ubaki salama.*

Nyawira akasoma. Akasoma tena. Akapiga simu, ikawa imezimwa. Jibu gani? Mama amemshika mkono, amani imerudi, na mtu anaaga kama anayekwenda vitani! Alikumbuka mtu mmoja tu wa kumuuliza: shangazi yake Joash, Senge Philister, anayeuza mboga za kienyeji kule kule Kangemi.

"Senge, ni Nyawira. Joash amenichanganya. Amemshika mum mkono, halafu ameniacha!"

"Amemshika nani mkono?"

"Mum."

"Mama yako? Aliyekuzaa?"

"Eeh."

"Uwiii!" Ukelele wa Senge ulifanya Nyawira aondoe simu sikioni. "Nani alimlazimisha?"

"Mum mwenyewe. Na... na mimi."

"Nyinyi ni watu gani? Wewe binti, kwetu mama mkwe hashikwi mkono! Ukimwona njiani unaingia kwa mahindi ya watu mpaka apite. Chakula mnakula kila mtu chumba chake. Hiyo ndio heshima. Joash alipokuja kuniambia umekubali, nilimwambia, kuanzia leo yule mama usimsogelee."

"Kwa hivyo alikuwa anamkimbia kwa sababu..."

"Kwa sababu anataka kukuoa! Angekuwa anakuchezea, si angekuwa anapigana naye viganja mpaka leo?"

"Na mum akimnyooshea mkono?"

"Anamwambia wewe si mkwe wangu. Wewe ni mtu wa barabarani kama wengine. Habari yako, kwaheri."

Nyawira akakaa chini kwenye ndoo ya unga.

Mama yake alikuwa mlangoni, amesikia sauti kali ya Senge ikivuja kwenye simu. "Nani anataka kukuoa?"

Hapakuwa na njia ya mkato tena. Nyawira alieleza yote: Jumapili, ujumbe wa simu, uongo, mkono.

"Kwa hivyo ulimwambia umeniambia, na hukuniambia."

"Eeh, Mum."

"Na mimi nikawa nafukuzana na mkwe wangu na sambusa mkononi."

"Eeh."

"Sokoni. Mbele ya watu wa kabeji."

"Mum, nisamehe. Nilikuwa naogopa utakataa. Si mtu wa kwetu, hana shamba, anakaanga tu..."

Waceke akainua kidole. Akatazama aproni pale msumarini, taya ikisogea kama anayeonja chumvi.

"Baba yako," akasema mwishowe, "alinipenda sana mimi. Salamu alikuwa nazo, mkono mwepesi kunyoosha, kila mtu anampenda. Siku aliyokimbia, alinikimbia mimi na wewe, na hakurudi. Sasa nimepata mwanaume anayemkimbia mama ili abaki na msichana, halafu nimwachie basi limchukue? Vaa viatu!"

"Na trei?"

"Waoshe wenyewe, wana mikono!"

Dereva wa Bi Anita aliwashusha River Road wakiwa bado na unga mpaka viwikoni. Watu walikuwa wamejazana mbele ya ofisi za mabasi na magodoro, kuku na masufuria mapya. Wakasukuma, wakasukumwa. Nyawira ndiye aliyemwona kwanza: Joash, kwenye laini, begi begani, uso kama wa mtu aliyezika.

"Joash!"

Akageuka. Akamwona Nyawira. Kisha akamwona Waceke, na safari hii hakukimbia. Akimbie nini tena, na mambo yamekwisha? Akawakaribia kwa adabu, akanyoosha mkono.

"Mama. Mmekuja kuniaga?"

Waceke akautazama ule mkono.

Akapiga nduru.

Akajifunika uso kwa leso, akageuka, akakimbia. Mama mzima, viatu vya kanisani, aproni ikipepea! Akaruka mzigo wa vitunguu, akamgonga mtu wa begi, akaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akajificha nyuma ya matangi ya maji.

"Mwizi?" mtu akauliza. "Amekuibia, mathe?"

"Hapana!" Waceke akajibu kutoka nyuma ya tangi. "Huyo asiguswe! Huyo ni mkwe wangu!"

Joash alibaki na mkono hewani. Akamtazama Nyawira, akalitazama duka, akamtazama tena.

"Nyawira. Mama amenikimbia?"

"Amekukimbia."

"Kabisa?"

"Umeona vile ameruka vitunguu?" Nyawira akaanza kucheka na kulia pamoja. "Sikuwa nimemwambia, Joash. Nilikudanganya. Leo ndio amejua. Na hilo ndilo jibu lake."

"Na lile neno yaishe?"

"Nilidhani ni salamu tu! Ninyi mngesema mapema!"

"Nani huambiwa kuwa mama mkwe hashikwi mkono? Si ni kama kuambiwa usiingize kidole kwa mafuta ya moto?"

"Kwetu tunashikana mikono mpaka na maadui."

Joash akashusha begi chini. Akamshika mkono Nyawira, huo alioruhusiwa, akaushika kwa mikono yake miwili, na watu wa laini wakawaambia kama hawasafiri wasogee.

Ndani ya duka, mwenye duka aliinama nyuma ya matangi, akamkuta mama mmoja amechuchumaa kati ya mabomba, leso usoni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mama, unanunua nini?"

"Sinunui kitu," Waceke akanong'ona. "Niache kidogo hapa, niheshimiwe."