Mama Alijibu Vingine, Mimi Nikatafsiri Vingine

Siyo utoto, shangazi. Nina miaka ishirini na moja, form four nimemaliza, nilijua kabisa ninachofanya.

Shangazi yangu wa Butiama ananitetea eti nilipaniki, eti yameshapita, ninyamaze. Anaogopa daktari akijua atatufukuza. Ndugu wasomaji, yangekuwa yamepita nisingeandika... Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi hapa Musoma, mama yangu yuko ndani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Sisi ni watu wa Suguti. Mama alianguka na bodaboda akitoka sokoni, kichwa kikapiga lami, damu ikavujia kwenye ubongo. Alipopata nafuu alikuwa anatembea, anakula, anacheka... ila kumbukumbu zilikuwa zimevurugika. Na Kiswahili chake, ambacho hakikuwaga kingi, kilipotea chote. Akabaki na Kijita tu, lugha yetu ya nyumbani.

Kila wiki nilimpeleka kliniki kwa daktari wa mazoezi ya kumbukumbu, nitamwita dada Agnes. Mpole sana, ila siyo mtu wa huku, Kijita hajui. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

"Nitafsirie kama alivyosema, hata kama haieleweki," aliniambia. "Hiyo isiyoeleweka ndiyo ninayoitafuta mimi."

Mimi sina subira, nakiri. Mama akiulizwa swali anakaa kimya weee, mpaka natamani nimjibie. Na nilikuwa nimepata nafasi ya chuo Bunda. Mama asingepona, nani angebaki naye? Si mimi, mtoto wa mwisho, tena wa kike!

Siku ile aliulizwa leo ni siku gani. Akasema ni siku ya kupanda mihogo. Nikatafsiri: Jumanne. Akaambiwa akumbuke vitu vitatu, jembe, kuku na shuka. Baadaye akasema kuku, kuku, kuku. Mimi nikavitaja vyote vitatu. Wagonjwa wengine walikuwa wanatuangalia, nikaona aibu wasije wakasema mama yangu chizi...

Mwisho dada Agnes akaninyooshea kidole, akamuuliza huyu ni nani. Mama akaniangalia kwa upendo, akasema ni mdogo wake Nyabise. Mama mdogo Nyabise alifariki nikiwa darasa la tatu!

"Anasema mimi ni mwanae," nikasema.

Dada Agnes alifurahi mpaka akapiga makofi. Mama naye akapiga. Ikaandikwa kwamba anaweza kupika, anaweza kubaki peke yake, arudi baada ya miezi mitatu. Wiki iliyofuata nikaenda zangu Bunda.

Sikumaliza hata mwezi, jirani akapiga simu. Mama aliinjika maji ya ugali, yalipochemka akatumbukiza mkono humo anatafuta mwiko. Mwiko alikuwa ameushika mkono wa pili!

Leo mchana dada Agnes alikuja kitandani. Akamwambia shangazi, mimi nikisikia: "Mama, mnisamehe. Kosa ni langu, nilimruhusu mapema."

Nimesimama na chupa ya chai. Mtu anaomba msamaha kwa dhambi yangu, na mimi nammiminia shangazi chai! Kisha akanigeukia. Akasema kesho saa tatu anampima mama upya.

"Utanisaidia tena mdogo wangu, wewe ndiye unamwelewa mama."

Nikamjibu sawa. Sawa... hilo ndilo neno lililonitoka.

Wenzangu mnaouguza watu walioumia kichwa, nawaomba, msiwapambie majibu mbele ya daktari. Mwacheni akosee. Mwacheni akae kimya hata nusu saa. Aibu ya jibu baya inaisha mkitoka pale mlangoni, lakini vidole viwili vya mama yangu wanasema havitakunjika tena.

Kesho asubuhi, kabla ya saa tatu, nitabisha hodi kwa dada Agnes. Nitamwambia mama alijibu nini siku ile, jibu kwa jibu, aache kujilaumu. Akitaka kunifukuza anifukuze mimi, siyo mama. Halafu nitaomba shangazi ndiye atafsiri, Kijita naye anakijua.

Mimi nitakaa nje.