Mtandao Uitwao Nyumbani

Mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa akiijibu ile kompyuta.

Shangazi yangu ana studio ya picha za vitambulisho: chumba kimoja, pazia la buluu, kiti cha kuzunguka. Kila masasisho ya programu yalipoingia, yalifuta mipangilio ya mtandao niliyoiweka kwa mkono wangu, na kompyuta ikaanza kuomba anwani ya mtandao kwa yeyote aliye karibu. Nami nikija kuirekebisha, tunacheka, naondoka.

Jioni ile alinipigia simu. "Njoo, mwanangu. Hilo jini lako la masasisho limeamka tena."

Nilikuta binti yake amejilaza kwenye benchi. Alikuwa amepigwa picha mchana, ya kitambulisho cha shule.

"Kachoka tu," shangazi akasema.

Kompyuta ilikuwa imejiunga na mtandao uitwao Nyumbani. Sisi hatuna mtandao wa jina hilo. Nikachomoa waya wa mtandao.

Ikabaki imeunganishwa.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda chumbani... Picha za wateja zilikuwa zikitoka kwenye folda moja moja, kisha zikirudi. Nikafungua ya muuza maziwa. Macho yamefumbwa.

"Shangazi, huyu ulimpiga amefumba?"

"We vipi? Aliyefumba namfuta palepale, narudia. Ndiyo kazi yangu hiyo." Akainama kutazama. Sauti ikamshuka. "Huyu... amelazwa tangu juzi. Haamki."

Nikaandika upya anwani yetu ya zamani. Kompyuta ikakataa.

*Anwani hii ina mtumiaji mwingine.*

Tukaitafuta picha ya binti.

Haikuwepo.

"Mama," akanong'ona kutoka kwenye benchi, "mbona umezima taa?"

Taa zote zilikuwa zinawaka.

Mkono wangu ukaenda kwenye swichi ya kompyuta. Shangazi akaudaka. "Ukizima sasa, binti yangu atabaki huko!"

Akaketi kwenye kiti cha kuzunguka, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nipige. Nimekodoa. Nipige!"

Nikapiga. Picha yake ikaingia kwenye folda, ikatulia kidogo, ikaondoka.

Ya binti ikarudi. Macho wazi.

"Nina njaa," mtoto akasema, akakaa.

Sijui kwa nini ilikubali kubadilishana. Muuza maziwa hakuamka tena. Shangazi bado anafanya kazi, anatania wateja kama zamani, lakini binti yake ananiambia kwamba usiku mama yake hulala amekodolea dari, na ukimgusa kope, hazishuki.

Jioni ile mimi na shangazi tulinong'onezana tukakubaliana: kompyuta izimwe kabla picha yake shangazi haijarudi, maana ikirudi huenda ikarudi imefumba macho, kisha mtandao ule ukaanza kumtaka mtoto tena. Kidole changu kilifika kwenye swichi, kikagoma.

"Sogea, fundi," akaniambia kwa upole.

Akazima mwenyewe.