Mvuke wa Mwisho

Outi, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu Jumamosi mchana nikiwa nakaanga soseji.

"Mjomba Ilpo, kompyuta ya mama imezima tena. Kila Jumamosi tukiwa tunaongea, paa! Picha inapotea. Nenda kamtazame."

"Nimtazame yeye au kompyuta?"

"Wote wawili." Sauti yake haikuwa ya utani. "Amekonda, mjomba. Nikiwa huku Oulu siwezi kufanya chochote."

Hii ndiyo taabu ya kujua kufungua kava la kompyuta. Ukoo mzima unakugeuza fundi wao, na malipo ni kahawa na andazi la iliki. Kompyuta ile nilikuwa nimeshaishughulikia. Nilipuliza vumbi kwenye feni, nikabadilisha ram, nikaiacha ikichapa kazi siku nzima. Katikati ya wiki haikusumbua hata kidogo. Ikifika Jumamosi jioni, inazima. Basi nikatia kwenye begi pawasaplai mpya, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, pamoja na laptopu yangu, nikaendesha hadi kwa dada Seija, msituni nje ya Keuruu. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao kwetu kaskazini mchana ni mfupi. Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaanza kushuka.

Seija alinifungulia mlango. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji.

"Umeoga saa hizi, dada?"

"Nimeosha kichwa tu, kwenye sinki." Akaangalia pembeni. "Ingia basi, unaniletea baridi ndani."

Nikaingia. Kwenye ukumbi palikuwa na harufu... harufu ya majani yaliyolowekwa kwenye maji moto, yale ya fagio la matawi tunalojipigia saunani, chumba chetu cha kuogea mvuke wa moto. Nilishangaa, lakini sikuuliza. Katika nyumba ile neno sauna lilikuwa halitajwi. Shemeji Tauno alifia humo mwezi wa nne, ameketi benchi la juu, moyo umesimama. Seija ndiye aliyemkuta. Watu wa gari la wagonjwa walilizima jiko la mawe linalopasha sauna, wakambeba, na tangu siku hiyo mlango wa sauna ukawa umefungwa.

Nilibadilisha pawasaplai. Nikawasha. Safi kabisa. Nikaweka laptopu yangu pembeni, nayo nikaichomeka kwenye soketi ileile, nione ipi itaanza kulegea. Tukampigia Outi. Akatokea kwenye kioo, anacheka, anatuonyesha sweta aliyofuma.

"Mkono mmoja mrefu," nikamwambia.

"Wewe mjomba hujui mitindo."

Seija alicheka pia. Kisha ghafla akageuza kichwa kuelekea ukumbini.

Taa zikafifia.

Tak.

Sauti ilitoka kwenye boksi la umeme. Kompyuta ikazima. Uso wa Outi ukapotea mdomo ukiwa wazi.

Laptopu yangu ilikuwa bado inawaka. Nikapiga makofi kwa furaha, mjinga mimi. "Nimeipata! Kompyuta yako nzima, dada. Hii yangu ina betri ndiyo maana haikutikisika. Tatizo ni umeme wa nyumba. Kuna kitu kikubwa kinajiwasha na kuuvuta wote kwa mpigo."

Nikashika hita ya ukutani iliyokuwa nyuma yangu. Ilikuwa inaanza kupoa.

Hapo furaha ikaniisha. Nyumba za kwetu nyingi hupashwa joto kwa umeme, na jiko la mawe la sauna nalo linakula umeme vibaya sana. Waya haziwezi kubeba vyote viwili. Kwa hiyo boksini kuna kidude: sauna ikiwashwa, hita zinakatwa. Tak. Mtoto yeyote wa kwetu anaijua sauti hiyo.

"Dada," nikasema polepole. "Umewasha sauna?"

"Sijaigusa."

"Sasa nani kawasha?"

Seija aliunganisha mikono mapajani. "Tauno alikuwa haniiti saunani kwa mdomo. Kila Jumamosi jioni anawasha jiko, taa zinafifia, kompyuta inazima, mimi natukana. Ndiyo najua sauna iko tayari, niende. Miaka yote hiyo, Ilpo. Nilikuwa namtukana."

Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hayafuti. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilianza kuogopa.

"Kaa hapa," nikamwambia.

Ukumbi ulikuwa wa giza. Mwisho wake ndipo palipokuwa na bafu, kisha mlango wa sauna. Nikaushika mpini wa mbao.

Ulikuwa wa moto.

Nikavuta. Joto likanipiga usoni. Nikawasha taa. Swichi ya jiko ilikuwa sifuri, nimeitazama kwa macho yangu. Nikachovya kidole kwenye ndoo, nikarusha tone moja juu ya mawe.

Tsss...

Kwenye benchi la juu palikuwa pametandikwa vitambaa viwili vya kukalia. Kimoja mahali pa Tauno. Kingine pembeni yake, mahali pa Seija. Kile cha Tauno kilikuwa kimelowa, na katikati kimebonyea.

Kikawa kinabonyea zaidi...

Halafu sauti ikaita, chini chini, kutoka huko juu kulikokuwa hakuna mtu.

"Seija."

Nilikimbia. Sioni aibu kusema. Nikafungua boksi la umeme, nikang'oa fyuzi za sauna, zile za kizamani za kauri, zote tatu, nikazitia mfukoni. Nilipogeuka, Seija alikuwa amesimama ukumbini. Begani ana taulo.

"Umemsikia," akanong'ona.

"Yule si Tauno."

"Najua."

"Unajua?"

"Tauno aliniita mama. Tangu Outi azaliwe hakuwahi kunitaja jina." Akatabasamu kidogo, na lile tabasamu ndilo lililonitisha kuliko sauti. "Lakini amekalia mahali pake. Mgongo wake ni uleule, Ilpo. Nikifumba macho..."

"Umeshaingia? Umekaa naye?"

Nywele zake zilikuwa zinaendelea kudondosha maji sakafuni.

"Basi anataka nini?"

"Siku ile walizima jiko wakaondoka. Mimi nikafunga mlango." Akanikazia macho. "Nani alimmwagia mwenye sauna maji yake?"

Nikaelewa. Mama yetu alitufundisha tukiwa wadogo: anayetoka wa mwisho saunani humwaga kata moja ya maji juu ya mawe, halafu anatoka na kufunga mlango. Mvuke huo si wa mtu. Ni wa mwenye sauna, pepo anayeishi nyuma ya jiko. Utotoni tulimwaga huku tunacheka. Ukubwani tunamwaga kwa mazoea tu.

"Upuuzi wa bibi zetu," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana sikutaka kurudi mle ndani. Nikamtia dada kwenye gari, nikampeleka kwangu.

Jumatatu nikaita fundi wa umeme. Akakuta kidude cha sauna kimeoza kwa unyevu. "Hiki kinaweza kujiwasha chenyewe," akasema huku anakirusha kwenye ndoo ya takataka. "Una bahati nyumba haijaungua." Ningeweza kumkumbatia. Akazikata waya za jiko kabisa, akaziba ncha zake. Kuhusu vitambaa na sauti, nilijiambia kwamba huzuni inaambukiza. Seija alikuwa amevitandika mwenyewe, na mimi nikasikia nilichoogopa kusikia. Nilitaka sana iwe hivyo.

Dada alipopata nafuu akaomba kurudi kwake. Alianza kula, akawa ananitania kuhusu tumbo langu. Nilimruhusu. Fyuzi nilibaki nazo, kwenye droo ya meza yangu, na kila Jumamosi jioni nilimpigia mwenyewe kwa kompyuta. Haikuzima tena. Outi alinishukuru hadi nikaona haya.

Jumamosi kabla ya Krismasi tulikuwa tunaongea. Seija amewasha mishumaa, anapanga biskuti kwenye bati.

"Utakuja kula huku, au utakaa na soseji zako?" akaniuliza.

"Nitakuja nazo."

Alicheka. Nyuma yake, taa zikafifia.

Tak.

Niliisikia kupitia kompyuta, wazi kabisa. Akageuza kichwa kuelekea ukumbini. Uso wake ukalainika.

"Naam," akasema. "Nakuja."

Kioo kikawa cheusi.

Nikavuta droo. Fyuzi zote tatu zilikuwamo. Nikazishika, nikaziachia hapohapo, zikaanguka sakafuni. Zilikuwa za moto, zimeniunguza kiganja.

Sikumbuki nilivyoendesha kwenye ile theluji. Nakumbuka mishumaa ilikuwa bado inawaka sebuleni na hita zote zilikuwa baridi. Nakumbuka nguo za Seija zimekunjwa vizuri nje ya sauna. Nikavuta mlango.

Haukufunguka.

Milango ya sauna haina kufuli wala komeo, ili mtu asije akanaswa ndani. Kuna mtu alikuwa ameushikilia. Niliuhisi mkono wake upande wa pili, unavuta ninapovuta. Na ndani... maji yalimwagwa juu ya mawe, tsss... kisha kicheko cha dada yangu, kidogo, cha msichana.

"Seija!" nikapiga kelele. "Dada, toka!"

Kicheko kikakatika.

Mlango ukaachiliwa.

Alikuwa ameketi benchi la juu, peke yake, kichwa kimelalia pembeni, mahali ambapo pangekuwa na bega la mtu. Ngozi nyekundu kwa joto. Macho wazi. Nilimtingisha, nikamwita, nikamkandamiza kifua hadi nikaishiwa nguvu. Hakurudi. Daktari baadaye alisema ni moyo, kama wa mumewe. Sikumwambia kwamba jiko lilikuwa halina waya. Sikumwambia pia kwamba nilipoyagusa mawe yalikuwa ya baridi, yana umande.

Nilimfunika kwa taulo. Nikapiga simu, nikawafungulia waliokuja kumchukua. Nikamtazama akibebwa kupita ukumbini, kama alivyobebwa Tauno, na mmoja wao akanyoosha mkono afunge mlango wa sauna.

"Uache," nikamwambia. "Tangulieni."

Nilirudi ndani peke yangu. Nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu kilichotakiwa tangu mwanzo kilikuwa kidogo mno na nilikiita upuuzi. Nikachota kata moja ya maji kwenye ndoo. Nikayamwaga juu ya yale mawe ya baridi.

Tsssssss...

Mvuke ukapanda hadi darini. Juu ya benchi, nyuma yangu, mtu akashusha pumzi ndefu, ya kuridhika.

Halafu wa pili akashusha yake.

Nilitoka bila kugeuka, nikafunga mlango taratibu, kama mama alivyotufundisha.