Kaseti Isiyo na Skrubu

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, Fundi alipobonyeza kitufe cha kinasa sauti, na wote wanne wakafumba macho kama walivyozoea. Dakika nzima ikapita. Kwenye spika hakukuwa na kitu ila ule mvumo mwembamba wa utepe mtupu.

"Bado tu?" akauliza Mwalimu.

"Ile sauti ya kwanza huingia hata hujakaa sawa," akasema Mchora, ambaye alikuwa ameshafumbua macho.

Fundi akapeleka utepe mbele, akasikiliza. Kimya. Akaugeuza upande wa pili. Kimya vilevile.

"Mtu ameifuta," Mchora akasema polepole. "Ilikuwa moja tu, haina nakala, na mtu ameifuta."

Nesi akainuka kwenda kuzima jiko la umeme, ingawa birika lilikuwa halijachemka.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la kinyozi. Fundi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, alirithi karakana hiyo ya redio kwa baba yake. Walikaa meza moja miaka ishirini, kila mmoja na bisibisi yake, na mzee alipofariki Fundi akagundua kwamba hawezi kufanya kazi katika ukimya wa meza ile. Redio zenye makelele zilimzidishia. Kilichomfaa kilikuwa muziki wa utulivu: sauti ndefu za kinanda, bila ngoma wala mwimbaji, zinazojaa chumbani taratibu mpaka unasahau zilianza lini. Lakini hakupenda kuusikiliza peke yake. Akawakaribisha wateja watatu, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu wakikutana kila Jumamosi. Kwa zamu, mmoja wao huleta kitu kipya alichokigundua, wanasikiliza, kisha wanaamua kama kinafaa kusikilizwa tena au la.

Mwalimu, mstaafu wa hesabu, alikuwa hakimu mkali. Mchora, kijana anayechora ramani za nyumba, ndiye aliyekuwa na bahati ya kugundua; hakuna sanduku la mitumba alilolipita bila kulichakura. Nesi, wa wodi ya watoto, alikuwa msikilizaji tu. Alisema machache na kuondoka wa mwisho.

Kaseti ile Mchora aliipata kwa muuza vitu vya zamani karibu na stendi. Haikuwa na jina, ila lebo ya karatasi yenye namba 7 kwa wino wa bluu. Jumamosi iliyotangulia waliisikiliza kwa mara ya kwanza, na Fundi aliikumbuka kila hatua. Kinanda kilipanda na kushuka kwa muda mrefu, kisha kikafifia kabisa, ikabaki sauti nyingine ya chini inayokwenda na kurudi. Mchora alisema ni mawimbi ya maji. Mwalimu alisema ni friji, na kwamba anayerekodi friji lake angeomba radhi kwanza. Fundi alidhani ni hitilafu ya mashine. Wakiwa bado wanabishana kwa minong'ono, sauti moja nzito ikaibuka kutoka chini ya kinanda na kutikisa vikombe mezani. Mchora akamwagikiwa chai kwenye suruali. Mwalimu akaruka kitini. Nesi alikuwa ameshaweka kikombe chake chini.

Wote walikubali, hata Mwalimu kwa shingo upande, kwamba kaseti ile inafaa. Mchora akasema wiki ijayo ataleta kompyuta, ainakili na kuiweka mtandaoni, dunia isikie, huenda mwenyewe akajulikana.

Na sasa kompyuta ilikuwa mezani, na hakuna cha kunakili.

Fundi akaitoa kaseti, akaisogeza dirishani. Aliitazama mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye pembe zake.

"Haikufutwa," akasema. "Hii siyo yenyewe."

"Lebo si hiyo hapo?" Mchora akashangaa.

"Lebo ndiyo. Kaseti siyo. Wiki iliyopita, kabla hatujasikiliza, niliifungua nibadilishe kile kitambaa kidogo kinachobana utepe. Nilitoa skrubu tano. Hii imegandishwa kwa gundi kiwandani, haina skrubu hata moja. Na angalieni karatasi ya lebo, imejikunja kama iliyolowa. Mtu ameibandua kwa mvuke wa birika, taratibu, bila kuichana, akaihamishia kwenye kaseti tupu."

Wakatazamana. Ufunguo wa chumba hutundikwa kwenye msumari mlangoni kwa kinyozi, na wanaojua ni wao wanne.

"Jumatano jioni niliisikiliza mwenyewe, ilikuwa nzima," Fundi akaendelea. "Jana nilishinda humu. Alhamisi nilitoka saa nne kasoro asubuhi kutengeneza vipaza sauti vya shule, nikarudi saa nane. Usiku ufunguo huwa kwangu. Ni saa hizo tu."

"Mimi Alhamisi nilikuwa kazini," akasema Nesi.

Mwalimu akachukua kofia yake na kuaga bila kusubiri chai.

Fundi akashuka kwa kinyozi. Alimkuta akimpangusa mteja shingo.

"Alhamisi?" Kinyozi akawaza. "Mwalimu wako alichukua ufunguo saa nne na nusu. Alinisalimu kama mtu anayekwenda kuiba papai. Baada ya hapo nikawa na vichwa vitano mfululizo, sikuona mwingine."

Fundi alimpenda Mwalimu, na habari ile ilimkaa vibaya moyoni. Jumapili asubuhi akamfuata nyumbani, akamkuta barazani na gazeti lililokuwa likitetemeka mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Keti."

"Ulikwenda Alhamisi."

"Nilikwenda." Akakunja gazeti. "Ile kaseti niliifanyia mzaha mbele yenu. Nikarudi nyumbani, siku nne haikunitoka kichwani. Tangu mama watoto afariki, sijawahi kukaa mahali nikasahau kutazama saa. Siku ile nilisahau. Nikataka kuisikiliza tena, lakini ningekuombaje, baada ya maneno yale ya friji?"

"Uliisikiliza yote?"

"Upande mmoja. Saa tano na robo nilirudisha ufunguo msumarini. Kaseti niliiacha droo ileile, ikiwa inaimba vizuri."

"Ulichemsha maji?"

Mwalimu akanyoosha mikono yake miwili mbele yake. Ilitikisika kama majani. "Nyumbani mjukuu ndiye anayenimiminia chai. Mvuke na karatasi nitaviwezea wapi? Halafu saa sita nilikuwa hospitali, foleni ya macho, mpaka saa tisa. Kadi hii hapa, ina muhuri. Nilimuulizia hata Nesi wetu anisogeze mbele kidogo. Wakaniambia siku hiyo hayupo, ana mapumziko."

Fundi akainua macho kutoka kwenye kadi. "Walikuambia hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nikasota kama wengine."

Jumatatu saa tatu asubuhi Fundi alikuwa ofisini kwa Mchora, katikati ya karatasi kubwa zilizoviringishwa. Kijana alikuwa ameudhika.

"Dada, sasa unanishuku mimi? Niibe kitu changu?"

"Ungeweza kutaka iwe yako peke yako. Alhamisi ulipita karakana?"

Mchora akasita. "Nilipita. Saa saba. Nilitaka kupima kama waya wa kompyuta utaingia kwenye mashine yako. Ufunguo haukuwepo msumarini, mlango umefungwa kwa ndani. Nikabisha. Nikasikia birika linapiga mluzi, nikajua uko ndani, umeshikwa na kazi. Nikaondoka."

"Saa saba mimi nilikuwa juu ya ngazi, uwanja wa shule."

"Basi aliyekuwa ndani ni nani?"

Mwalimu saa saba alikuwa kwenye foleni. Mchora alikuwa nje ya mlango. Fundi akajibu kwamba bado anatafuta, ingawa alikuwa hatafuti tena. Akakumbuka kikombe cha Nesi kilichowekwa chini mapema. Muziki ule hauna mapigo ya kuhesabu. Ile sauti nzito inakuja inapotaka yenyewe. Hakuna awezaye kuikwepa mara ya kwanza. Aliyeikwepa hakuwa akiisikia kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kwenda kwa Nesi, alipitia stendi kwa muuza vitu vya zamani. Alikaa naye robo saa, akaandika maneno machache kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mkobani.

Nesi aliishi vyumba viwili ghorofa ya tatu. Saa kumi alasiri alifungua mlango akiwa ameshika sare iliyopigwa pasi, akamwona Fundi, akarudi nyuma kumpisha.

"Karibu. Nilidhani utakuja jana."

"Jana nilikuwa kwa Mwalimu. Nilimwonea bure." Fundi akaketi. "Alhamisi hukuwa kazini, mwenzangu. Na saa saba Mchora alisikia birika."

"Nilimsikia akibisha. Nilisimama na lebo kwenye ncha ya kidole, nikaogopa hata kupumua."

Hakukana neno. Akaenda kabatini, akatoa kaseti iliyofungwa kwenye leso, akaiweka mezani kati yao. Skrubu tano zilionekana.

"Anayepiga ni nani?" Fundi akauliza.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, chuo cha uuguzi. Yeye alikuwa na kinanda cha kuazima. Saba ni namba ya chumba tulichopanga. Nilirudi asubuhi moja kutoka zamu, nimechoka, nikalala na viatu. Yeye akarekodi. Ile sauti mliyobishania, mawimbi, friji, ni mimi nimelala. Ile nzito ya mwisho ndiyo iliyoniamsha. Alicheka siku nzima."

Fundi akatazama kaseti. Hakuwahi kufikiri kwamba hitilafu yake ilikuwa na mapafu.

"Zilikuwa nakala mbili," Nesi akaendelea. "Yangu na yake. Akapata nafasi ya kwenda kusomea muziki nje. Barua mbili, halafu basi. Mimi nikahamishwa hospitali, nikahamishwa tena. Yangu iliharibika kwenye mvua, wakati wa kuhama. Miaka ishirini na sita nimeitafuta sauti hiyo. Unadhani nilikuja kwako Jumamosi zote hizo kwa kuupenda muziki wa utulivu? Nilikuja nikidhani siku moja mmoja wenu ataleta kazi yake. Akiwa mwanamuziki mkubwa huko aliko, nitamjua kwa dakika moja."

"Na akaletwa."

"Akaletwa ndani ya sanduku la mitumba. Kwa mwandiko wake mwenyewe. Hii ni nakala yake."

"Ungetuambia tu."

"Niwaambie nini? Kwamba hiyo pumzi mnayoisifu ni yangu? Mchora angeiweka mtandaoni, watu wasiojulikana wakanisikiliza nikiwa nimelala. Na yeye angeisikia akanitafuta. Au angeisikia na asiseme kitu. Hilo ndilo nililoliogopa zaidi." Akaigusa kaseti kwa kidole kimoja. "Nikuulize. Wewe unajua mambo haya. Ni muziki mzuri kweli, au mimi namsikia yeye tu?"

Fundi alijua kwamba swali hilo halitaki huruma. "Ni mzuri," akasema. "Sauti za mwanzo zinavuma kidogo, na upande wa pili ni mrefu kuliko inavyotakiwa. Lakini Mwalimu, ambaye hasifu kitu ovyo, aliingia kama mwizi ili ausikie tena. Unafaa."

Nesi akainama, akajipangusa uso kwa ile sare aliyokwisha kuipiga pasi. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa Fundi.

"Umekwenda stendi."

"Nimekwenda."

"Amekufa?"

"Hapana. Aliviuza vitu vyake mwenyewe, mwezi wa tatu. Alirudi miaka tisa iliyopita. Anakaa vituo vinne vya basi kutoka hospitali yako, peke yake. Anwani nimeiandika." Fundi akatoa karatasi, lakini hakuikunjua. "Muuzaji anasema walielewana kwa kuandikiana. Masikio yamekufa, yote mawili. Ndiyo sababu aliuza kinanda, spika na kaseti zote. Alimwandikia kwamba ampe mtu atakayezisikia."

Chini mtaani basi lilipiga honi na kuondoka. Nesi akageukia dirisha.

"Vituo vinne," akasema.

"Vinne."

Nesi akaisukuma kaseti upande wa Fundi. "Mpelekee Mchora. Jumamosi nitakuja niwaambie mwenyewe, na Mwalimu nitamwomba radhi. Ila isiwekwe popote mpaka mwenye kazi akubali. Mtu amuulize kwanza."

"Wewe ndiye wa kumuuliza."

Nesi akavuta daftari la zamu lililokuwa mezani, akachana ukurasa, akachukua kalamu. Akaandika salamu. Akaifuta. Akaandika jina la mtu huyo peke yake, akaliangalia, kalamu ikabaki hewani. Fundi akamsubiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na alijua kusubiri.

"Miaka yote hii nimekuwa nikipanga maneno ya kumwambia," Nesi akasema mwishowe. "Nayajua kwa moyo, mpaka mahali pa kunyamaza. Yote niliyapanga ya kusema kwa sauti."