Picha Iliyofuta Chale za Bibi Lucia

Marieta alikuwa akipepeta maharage nje ya nyumba yao, kijijini Bashay. Mumewe, Tadeo, alikuwa akirekebisha mlango wa zizi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeanza kuondoka. Katika chumba kidogo kando ya barabara, binti yao Brightness alikuwa akimpiga picha bibi yake.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Sasa kilikuwa studio ya Brightness. Alikuwa na kamera mpya aliyoinunua Babati baada ya kuuza vitunguu saumu vya msimu mzima.

Bibi Lucia ni mama yake Marieta. Ni Mbarabaig wa nyanda za Hanang, na alikuwa amekuja kuwatembelea. Kuzunguka macho yake kuna chale, alama ndogondogo zilizoinuka na kufanya duara. Wasichana wengi wa rika lake walichanjwa hivyo. Marieta hakuchanjwa, wala Brightness. Katika familia nzima alibaki Bibi Lucia peke yake.

Miaka yote Bibi alikataa kupigwa picha. Safari hii alikubali.

"Mara moja tu," alisema. "Kesho asubuhi narudi kwa ng'ombe wangu."

Flashi iliwaka. Brightness alimwonyesha bibi yake kioo cha kamera. Bibi alitazama. Akajigusa usoni kwa vidole, taratibu. Akatazama tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Chale zangu ziko wapi?"

Brightness alichungulia picha. Ngozi ya bibi yake ilikuwa nyeupe na laini kama yai. Pua ilikuwa kubwa, masikio yamerudi nyuma. Kuzunguka macho hakukuwa na kitu. Hakuna hata alama moja!

"Mama!" aliita. "Mama, njoo!"

Marieta aliingia na ungo mkononi. Alipoiona picha, ungo ulimponyoka. Maharage yakatawanyika sakafuni.

"Nilichanjwa nikiwa msichana," Bibi Lucia alisema kwa sauti ndogo. "Sikulia. Watu wote waliona kwamba sikulia. Leo mjukuu wangu amezifuta kwa taa?"

Tadeo naye alifika. Aliitazama picha, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Pua ya mama mkwe haizungumzwi.

Bibi alitoka nje akaketi kwenye kigoda, mgongo kwa studio.

Brightness aliwaza. Kama bibi angeondoka kesho bila picha, huenda asingekubali tena. Basi watoto watakaozaliwa wangesimuliwa tu kuhusu uso ule.

Alimpigia simu mwenye duka aliyemuuzia kamera. Kisha akamfuata baba yake.

"Baba, kamera hii ni dhaifu. Ina megapikseli chache, vile vidoti vinavyounda picha. Mwenye duka anasema kuna kubwa zaidi. Naomba tuuze lile dume la ng'ombe."

"Dume ninalolimia?" Tadeo aliuliza.

"Baba, umeona picha yenyewe!"

"Nimeiona. Bado nimeshtuka. Lakini sijui kama ng'ombe ndiye dawa yake."

Wakati huo jirani yao, Hilaria, alikuwa anaingia uani kurudisha jembe aliloazima. Hilaria alipiga picha za harusi kwa miaka mingi kabla ya kurudi kijijini kuwatunza wazazi wake.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba," Bibi Lucia alijibu. "Na wewe umekuja kunifuta?"

Hilaria alishangaa. Brightness akamwonyesha picha. Hilaria aliikagua kuanzia pua hadi masikio.

"Ulisimama wapi?" aliuliza mwishowe.

"Karibu. Chumba ni kidogo, dada Hilaria. Ndiyo maana nilichagua lenzi pana, ili harusi nzima ienee humo."

"Kwa kundi la watu ni sawa. Kwa uso wa mtu mmoja, lenzi hii inakuvuta usogee karibu. Ukiwa karibu sana, pua iko mbele, masikio yapo nyuma. Kilicho karibu na kamera hukua, cha nyuma husinyaa."

"Na chale?"

Hilaria alibonyeza vitufe vya kamera. "Nani aliwasha hii ya kulainisha ngozi?"

"Mimi. Vijana wanaipenda."

"Kamera haijui chunusi ya kijana wala chale za bibi. Yenyewe inafuta tu." Aliizima. "Lakini flashi nayo ina kosa. Ukisimama kwenye shamba la viazi saa sita mchana, matuta unayaonaje?"

"Shamba lote linaonekana kama limelala tambarare."

"Na asubuhi, jua likiwa chini?"

"Kila tuta lina kivuli chake."

"Basi chale ni matuta madogo. Flashi yako ilimulika kutoka mbele, pale pale ilipo kamera. Vivuli vyote vikafa. Mwanga ukitoka ubavuni, matuta yanasimama."

Brightness alikaa chini. "Kwa hiyo kamera ni nzima?"

"Nzima kabisa. Megapikseli hizi zinatosha hata picha kubwa ya ukutani. Subiri."

Hilaria alikwenda kwake akarudi na lenzi fupi, imekwaruzika kidogo. Juu yake iliandikwa 50.

"Ya kwako ni kumi na nane," alisema. "Namba ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana. Ikiwa kubwa, inaona eneo dogo, kwa hiyo unasimama mbali kidogo na mtu wako. Hii haivuti picha karibu wala haiisukumi mbali. Unatembea wewe. Tumjaribu baba yako."

"Mimi nina kazi," Tadeo alisema.

"Kaa," Marieta alimwambia.

Brightness alimpiga Tadeo kwa lenzi pana, karibu. Kisha akafunga ile ya Hilaria, akarudi nyuma hatua chache, akampiga tena. Wakaziangalia picha mbili. Wote walishtuka. Mtu ni yule yule, amekaa pale pale, lakini nyuso zilikuwa mbili!

"Yesu wangu!" Marieta alisema. "Huyu wa kwanza nisingekubali anioe."

"Ungekosa vingi," Tadeo alijibu.

Bibi Lucia alikuwa amegeuza kigoda bila mtu kuona. "Leteni nione," alisema. Alizitazama picha zote mbili. "Na mimi pua yangu ilikuwa kama hii?"

Tadeo aligeuka akaanza kutazama ng'ombe. Bibi aliangua kicheko hadi akajifuta machozi.

"Haya," alisema. "Mara moja tena. Ukizifuta tena, Brightness, usiniite bibi."

Brightness hakucheka. Alianza kuifuta lenzi.

Hilaria hakuwarudisha chumbani. Aliwapeleka kwenye baraza, chini ya bati. Nyuma ya kigoda walitundika blanketi jeusi.

"Hapa jua halimpigi usoni," Hilaria alieleza. "Jua kali hufanya macho yawe mashimo. Lakini upande huu wote uko wazi, kwa hiyo mwanga unaingia mwingi na mpole. Hii ndiyo taa yako. Taa kubwa huwa laini, taa ndogo huwa kali."

Bibi alikaa, upande wake wa kushoto ukielekea uani. Upande wa kulia wa uso ulikuwa na giza.

"Baba Brightness, shika shuka jeupe upande huo wenye giza," Hilaria alisema. "Litarudisha mwanga kidogo. Usilisogeze karibu sana. Chale zinahitaji kivuli."

"Nimelima, nimefuga," Tadeo alinong'ona. "Sasa nimekuwa kamba ya kuanikia nguo."

"Brightness, lenga jicho lililo karibu nawe. Jicho likiwa safi, mtu yuko hai."

Brightness alirudi nyuma. Alilenga jicho. Akashusha pumzi, akabonyeza.

Hakuitazama picha. Alimpelekea Bibi kamera kama ilivyo.

Bibi Lucia aliweka kidole kwenye kioo. Kidole kilizunguka jicho moja polepole, kikahamia la pili. Kikasimama.

"Hapa," alisema. "Aliyenichanja alikuwa mzee. Hapa mkono wake uliteleza. Tazama, imepinda!"

Marieta aliinama. Alikuwa ameishi na uso ule tangu azaliwe. Hakuwahi kujua kwamba alama moja imepinda.

Dume halikuuzwa. Brightness alirudi Babati na kamera yake. Mwenye duka alimtolea kamera kubwa, akaisifu. Brightness alimshukuru, akaomba kuona lenzi za namba hamsini zilizotumika. Hakununua kwa kutazama tu. Alifunga kila lenzi kwenye kamera yake, akamsimamisha mwenye duka mlangoni na kumpiga picha, kisha akakuza picha ili aone jicho. Ya kwanza ilikuwa na ukungu ndani. Ya pili ilikuwa safi. Akaichukua hiyo, pamoja na taa moja inayowaka muda wote na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, kwa siku za mawingu mazito. Taa hiyo huiweka ubavuni, juu kidogo ya macho. Lenzi pana hakuitupa. Ni ya harusi.

Stoo ya mahindi sasa ni mahali pa kutunzia vifaa, na picha hupigwa barazani. Habari zilienea hadi Endagikot, zikashuka hadi Yaeda Chini. Wazee waliokuwa wakizikimbia kamera walianza kuja wenyewe. Kabla ya kumpiga mtu, Brightness humuuliza kwanza, "Usoni mwako, ni kitu gani hutaki kipotee?"

Picha ya Bibi Lucia ilipotoka kuchapishwa, kubwa na yenye fremu, Brightness na Marieta waliipeleka wenyewe Hanang. Walimkuta Bibi mbele ya boma lake, amezungukwa na vitukuu. Brightness alifungua kitambaa.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Mara akaketi chini vumbini. Marieta alimkimbilia.

"Mama! Unaumwa?"

Bibi Lucia alitikisa kichwa. Macho yake hayakutoka kwenye picha.

"Nimefikia umri wake," alisema. "Sikujua kama nimefanana naye hivi. Huyu ni mama yangu, Marieta. Ni yeye kabisa. Alikufa kabla kamera haijafika kwetu."

Marieta alimtazama bibi yake mzaa mama kwa mara ya kwanza.

Bibi aliisimamisha picha kwenye kigoda, akawaita vitukuu.

"Njooni mumwamkie."

Watoto walipita mbele ya picha mmoja mmoja, wakainamisha vichwa.

"Shikamoo," walisema.

Na Bibi Lucia akaitikia kwa niaba ya mama yake, "Marahaba."