Mchambuzi Aliyekuwa Magogoni

Saa tano asubuhi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hapapitiki. Mikokoteni, viroba, spika za wauzaji zinagombana. Mchukuzi mmoja mwenye robota kichwani alipaza sauti "Pisha!" na kabla Khalfani hajapisha, alisukumwa begani akajikuta ndani ya duka la suti.

"Mambo, dada?"

"Poa. Umekuja kununua au umeangushwa?"

"Vyote viwili," alicheka. "Nataka suti. Naanza kazi kwenye televisheni, uchambuzi wa mpira."

Zulekha, mwenye duka, alikuwa ndani ya dera la njano, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka utosini.

"Pole."

"Pole ya nini tena?"

"Nawajua nyie. Mpira uko wavuni, mtangazaji bado anatusimulia mpigaji alisoma shule gani. Ikifika mapumziko mnakuja wanne mezani, mmenyooka kama mnaenda kuoa, mnaambiana 'umeongea kitu kikubwa sana, ndugu yangu.' Kikubwa gani? Kwamba timu isipofunga haishindi?"

Msinione na gubu, lakini binti alisema kweli. Mimi ninayewasimulia nimekaa miaka mbele ya televisheni, na hao watu wamenichosha. Wanapiga kelele mpira ukiwa katikati ya uwanja, wakati wa hatari wanasoma salamu. Na wachambuzi ndio balaa kabisa, maana mtangazaji angalau anatazama.

"Mimi sitakuwa hivyo," alisema Khalfani.

"Wote mnasema hivyo. Haya, inua mikono."

Alimpima kifua. Mkono wake ulikaa pale muda mrefu kidogo kuliko kipimo kilivyohitaji, na wote wawili walijua.

Miezi mitatu ikapita kwa simu za "umekula, laazizi?" na "nimekumisi mpaka naumwa." Khalfani akawa maarufu. Zulekha akampenda kweli, ila jambo moja alimficha makusudi: Mwinyimvua, beki wa kushoto wa timu yao ya Gerezani, alikuwa kaka yake. Hakutaka kaka asifiwe kwa upendeleo. Mwinyimvua alikuwa akingoja kusajiliwa na timu moja ya Mbeya, mkataba ulishaandikwa, zimebaki sahihi tu. Nyumba nzima ilikuwa inaomba dua.

Jumapili moja wapenzi hao walikuwa Magogoni, wanakula pweza wa moto wakitazama kivuko kikivuka kwenda Kigamboni.

"Mechi ya Gerezani inaanza saa kumi," Zulekha alisema. "Huendi kutazama?"

"Ya nini, mpenzi? Studio wataniwekea vipande vya dakika tatu, magoli yote yamo. Majina ya walioanza nitatumiwa kwenye simu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kumbe mnatudanganya!"

"Tunawafurahisha. Fumbua mdomo, kipande hiki laini."

Zulekha alicheka, akafumbua mdomo. Alikuwa na raha siku ile, tusimfiche.

Saa moja jioni Khalfani alikuwa hewani. Gerezani walikuwa wamefungwa moja bila, na goli lilipita upande wa kushoto. Akatupia jicho majina kwenye simu.

"Tazameni huyu Mwinyimvua! Amelala kabisa! Na nina taarifa zangu, huyu kijana hana nidhamu, anaendekeza starehe."

"Umeongea kitu kikubwa sana," alisema Benjamini, mwendesha kipindi.

Mwinyimvua alikuwa ametolewa kwa machela dakika ya ishirini, nyama ya paja imechanika. Goli liliingia dakika ya sabini. Wakati linaingia yeye alikuwa hospitalini, mama yake, Bi Mgeni, amemshika mkono. Wachambuzi wanne mezani, hakuna hata mmoja aliyejua. Mbwa hawa!

Jumatatu Mbeya wakapiga simu: viongozi wamesikia mambo ya nidhamu, tuachane tu kwa amani.

Khalfani aliitwa dukani, akaja anatabasamu.

"Mwinyimvua ni kaka yangu," Zulekha alimwambia. "Baba mmoja, mama mmoja."

Tabasamu likamfia usoni. "Zulekha... ungeniambia!"

"Ningekwambia ungemwacha, ukamtukana kaka wa mwenzangu. Ingekuwa sawa?"

"Nakuja kwenu leo. Nitampigia magoti."

"Umemvua nguo mbele ya nchi nzima, halafu unataka kumwomba radhi uani kwetu? Ulisema hewani, rudi hewani."

"Bosi hataki. Anasema mchambuzi akijisahihisha watu hawatamwamini tena. Nitafukuzwa kazi." Kisha, kwa hasira ya aliyebanwa, akaongeza, "Na wewe ulikuwepo Magogoni. Ulicheka."

"Nilicheka, ndiyo!" Machozi yalimtoka. "Na sijajisamehe. Toka dukani kwangu. Usinipigie."

Alipiga wiki nzima. Hakupokelewa hata mara moja.

Jumapili Zulekha aliapa hatazami, lakini nyumbani Bi Mgeni alikuwa ameshawasha televisheni. Khalfani alionekana amekonda. Benjamini hajamaliza kukaribisha watazamaji, Khalfani akamkata kauli.

"Wiki iliyopita nilimlaumu Mwinyimvua. Hakuwepo uwanjani, alitolewa dakika ya ishirini. Sikutazama ile mechi, nilikuwa Magogoni nakula pweza. Na yale ya starehe niliyatunga. Mwinyimvua, nisamehe."

Benjamini alikohoa. "Tunakwenda kwenye matangazo."

Waliporudi kiti kilikuwa kitupu, na wale watatu wameshaanza kumchambua Khalfani: ana msongo wa mawazo, ameyumba tangu mwanzo wa msimu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote.

Zulekha alitoka kibarazani, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nje ya geti. Wameshanifukuza."

"Tumekuona. Mama amelia. Ila Mbeya wamesajili beki mwingine, Khalfani. Hilo hujalirudisha."

"Najua. Sikusema ili unirudie. Nakupenda, lakini nilisema kwa sababu ni kweli."

Kutoka ndani, Mwinyimvua alipaza sauti akiwa amelala mkekani, paja limefungwa bandeji. "Ni yeye huyo? Mwambie aje ale. Ila akiongea mpira humu ndani, namtoa kwa mguu huuhuu mbovu!"

"Umemsikia?" Zulekha aliuliza.

"Nimemsikia. Sasa nikija niongee nini?"

"Jamani, mwanaume mzima! Ongea posa."