Mwandishi Precious

Waliunganishwa na umeme uliokatika. Mashine ya stesheneri, karibu na stendi ya Bariadi, ilikuwa imemeza karatasi ya Josia, tabibu kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi.

"Dada, itaitema lini?"

"Umeme ukirudi. Kaa, hatuli watu," Milembe, mwenye stesheneri, alimjibu, akicheka.

Akakaa. Msimu wa pamba ulipofika alikuwa akimwita Milembe mayu, kama anavyomwita mama yake mzazi, na Precious, binti wa Milembe wa miaka minne, halali bila kuisikia sauti ya Josia kwenye simu. Precious ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baba yake aliondoka siku majibu ya damu yalipotoka.

Jumamosi moja Josia aliacha kompyuta yake stesheneri, Milembe amchapishie orodha ya makala za utafiti wa tiba alizokusanya kwenye programu ya kutunzia marejeo. Milembe akafungua. Mwandishi: Precious. Mwandishi: Precious. Mara sitini na moja! Kiingereza chake cha shule ya jioni kilitosha kulitambua neno moja kwenye vichwa vya makala: kifo.

Akampigia Josia simu.

"Mwanangu umemfanya utafiti?"

"Mayu, subiri..."

"Usiniite mayu! Ulikuwa unatupenda au unatuandika?"

Akakata. Siku nne hakupokea simu za Josia. Ya tano maumivu ya mifupa yakamkamata Precious, na Milembe akaingia wodini mbio, kitenge cha njano kikiburuta upande mmoja. Zamu ilikuwa ya Josia.

Dripu ilipoanza kushuka, Josia alisema kwa sauti ya chini, "Sikujua kuweka lebo kwenye ile programu. Nikaandika jina lake penye mwandishi, ili nikimtafuta yeye, zije zote za ugonjwa wake. Nilikuwa namtafutia dawa."

"Umeipata?"

"Nimezisoma zote. Ya kupunguza ipo. Ya kumaliza, hapa kwetu..." Akatazama viatu vyake. "Sina cha kukupa, Milembe."

Mtoto akalia. Wote wawili wakanyoosha mikono, wakajikuta wanaukanda mguu uleule.

Nesi akaja na faili. "Mama, jina la pili la mtoto? Hapa pako wazi."

Pamekuwa wazi miaka yote. Milembe akautazama mkono wa Josia, ambao haukuacha kukanda.

"Andika Josia," akasema.

"Mayu," Josia akanong'ona.

Precious bado analia.